Mtoto wa Tatu wa Gladwell

Gladwell Nyaruai ana watoto watatu kwa serikali na wawili kwa tumbo lake. Nalisema hilo mapema ili tusizungushane. Mimi naitwa Jerono, jirani yake hapa kijijini Kwanza, nje ya Kitale, mwaka wa thelathini na mbili sasa, na huyo mtoto wa tatu nilisaidia kumtengeneza kwa mdomo wangu huu. Kwa hivyo mkiona nimekasirika, mjue nusu ya hasira ni ya kujikasirikia.

Ukimtafuta mwenyewe utampata sokoni, meza ya tatu kutoka vyoo. Anauza maharagwe. Wenzake wamemwambia ahame pale, yeye anasema mtu anayetaka maharagwe mazuri atavumilia harufu. Gorogoro yake, lile kopo la kupimia, huipiga kiganja mara mbili kabla ya kumimina, na ukimwambia aongeze kidogo anakutazama mpaka unajuta. Amekuwa mjane wa Gachanja miaka kumi na minne. Kwa miaka tisa alikuwa mwenyekiti wa umoja wa akina mama kanisani, na hilo la kanisani nitalirudia. Mguu wake wa kushoto umeanza kumkataa kwa sababu ya sukari. Hacheki ovyo, lakini akikupenda utakula kwake mpaka useme basi, halafu akufungie kingine cha kubeba.

Watoto wa tumbo lake ni Muchiri, anayeendesha lori, na Mary Ann. Mary Ann ndiye aliyekuwa na kichwa. Mwaka wa 2007 alikuwa kidato cha tatu, namba mbili darasani, akapata mimba ya kijana wa trekta aliyekuja kulima mashamba msimu ule. Msimu ukaisha, trekta likaondoka, na kijana akaondoka nalo.

Gladwell hakumpiga. Alikuja kwangu asubuhi, akaketi jikoni, akaniambia, "Mama Bethwel, huyu akizaa hapa hatarudi shule." Na alikuwa anasema kweli. Sheria inasema msichana arudi, lakini sheria haiketi darasani na wasichana wanaokucheka.

Hapo ndipo nilifungua mdomo. Dada yangu ameolewa Kabuchai, kule Bungoma kwenye miwa, na jirani yake alikuwa nasi, muuguzi mstaafu aliyezalisha wanawake nyumbani kwake. Nikamwambia Gladwell ampeleke huko, azalie mbali, kisha arudi na mtoto aseme ni wake. Ana miaka arobaini na moja, nani atashangaa? Kitinda mimba si huja tu bila hodi. Tena mwanzoni mwa mwaka uliofuata huku kwetu kulikuwa na zile vurugu za baada ya uchaguzi, watu wa kwao Gladwell wametawanyika, wengine wamelala makanisani, wengine kwa jamaa. Hakuna aliyekuwa akitazama matumbo ya wanawake. Gachanja, angali hai wakati ule, akabaki nyumbani na siri yetu; mama na binti wakakaa Kabuchai miezi mitano.

Mtoto alizaliwa tarehe tisa Machi. Yule nasi akaomba kitambulisho cha mama. Mary Ann alikuwa na miaka kumi na saba, hakuwa nacho. Gladwell akaingiza mkono kifuani, akatoa chake, nasi akaandika. Basi, dakika mbili tu. Kwenye daftari la nasi ikatoka karatasi ya taarifa ya uzazi, kwenye karatasi ile kikatoka cheti cha kuzaliwa, na mpaka leo hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mary Ann alizaa mtoto siku hiyo.

Kisha likaja jina. Mimi si wa kabila la Gladwell, ni mtu wa mlima wa huku kwetu; mambo ya majina ya Wakikuyu nimeyajua kwa kukaa nao. Msichana akizaa kabla ya kuolewa, mtoto wake wa kwanza wa kike huitwa jina la nyanya, mama ya msichana. Kwa hivyo huyu alifaa kuitwa Nyaruai. Gladwell angekuwa amezaliwa tena, ndivyo wanavyosema wao. Lakini mwanamke hampi binti yake mwenyewe jina lake, haifanyiki, na angelifanya hivyo sokoni wangeelewa yote siku ya kwanza. Ikabidi ajiruke. Akampa mtoto jina la mama yake, Wamaitha, vile binti wa pili anavyopewa. Kwa ile mimba sikumwona akilia, lakini kwa jina alilia. Aliniambia amemnyang'anya mtoto mama na yeye mwenyewe amejinyang'anya mjukuu.

Mary Ann alifungwa maziwa kwa kitambaa, akarudi shule muhula wa pili. Wamaitha akalelewa kwa maziwa ya ng'ombe wangu. Akamwita Gladwell mum na Mary Ann sister. Kijiji cha Kwanza kikanong'ona miezi miwili mitatu, kikachoka, kikapata mambo mengine ya kunong'ona.

Na ule mpango ulifaulu, msinielewe vibaya. Mary Ann alimaliza shule, akasomea uuguzi, akaajiriwa Kitale. Mwaka wa 2016 akaolewa na Job Kemboi, mwalimu. Job ni mtoto wa kaka yangu. Mimi ni senge wake, shangazi upande wa baba, na kwetu senge ndiye mtu anayekwambia ukweli hata kama mama yako anauogopa. Siku ya arusi Wamaitha alibeba maua, miaka minane, soksi nyeupe, ati dada mdogo wa bibi arusi. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Nilikula keki, nikanyamaza.

Mwaka wa 2023 Mary Ann akapata kazi ya hospitali Uingereza. Fomu za viza alizijaza kwenye saiba moja, duka la intaneti, mjini Kitale, na Wamaitha ndiye alikaa kwenye kompyuta kwa sababu vidole vyake vina mbio. Mwaka uliofuata Job na watoto wao wawili walipata viza zao wakamfuata. Haikuwa kazi ngumu. Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, wakaenda.

Ni wepesi ule ndio ulimfanya Gladwell aulize: na huyu je? Kila Jumapili Mary Ann akipiga simu alikuwa anamuuliza hivyo, kwa kuzunguka, mtoto akiwa hayuko karibu. Mary Ann alikuwa anajibu kwamba atamchukua, wacha kwanza atulie, wacha kwanza ahame nyumba, wacha kwanza mdogo aanze shule. Gladwell alilishika lile neno atamchukua. Mimi nilikuwa nalisikia na lile wacha kwanza, lakini nani ananiuliza.

Aprili mwaka jana kidonda kikamtoka mguuni, akalazwa wiki tatu. Wamaitha alikuwa kidato cha nne. Alikuwa anapika uji alfajiri, anampelekea, anaingia shule amechelewa, jioni anarudi hospitalini na vitabu. Gladwell alipotoka akaniambia hatakufa amwache mtoto huyu mikononi mwa Muchiri, azungushwe na lori. Mtoto ana mama, aende kwa mama yake.

Tukaenda Kitale kwa Kibiwott, kijana mpole mwenye ofisi ndogo juu ya duka la mbegu, anayesaidia watu na makaratasi ya safari. Akatueleza polepole. Mtu mwenye viza ya kazi kama ya Mary Ann anaweza kumchukua mume au mke, na watoto wake ambao hawajafika miaka kumi na minane. Dada haingii. Hata kama amemlea, hata kama amemlisha kwa kijiko, dada ni dada. Kisha akachukua cheti cha Wamaitha, akasoma tarehe, akahesabu. Kufikia tarehe tisa Machi 2026 maombi yawe yamepelekwa, la sivyo hata angekuwa mtoto wake angekuwa amechelewa.

Gladwell akanitazama. Mimi nikatazama ukuta. Basi akamwambia kijana wa watu yote, trekta, Kabuchai, kitambulisho, yote. Kibiwott aliacha kuandika. Alisema inaweza kurekebishwa: ushahidi wa nasi, hati ya kiapo ya Gladwell, ombi kortini ili cheti kibadilishwe, kipimo cha damu. Halafu mama mwenyewe aseme kwenye fomu kwamba huyu ni mtoto wake. Hilo la mwisho alilitaja kama jambo dogo, na sisi tukalisikia kama jambo dogo.

Wajinga sisi. Tuliogopa yule nasi, tukaogopa wakili, tukaogopa kanisa. Yule wa kuogopwa hatukumfikiria.

Yule nasi, Nasambu, tulimkuta Kabuchai, mzee sana, lakini madaftari yake yote yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Akatafuta 2008 akaipata. Gladwell Nyaruai, miaka arobaini na mbili, mtoto wa kike, kilo tatu.  Akatuambia anakumbuka vizuri, kitandani kulikuwa na msichana na daftarini akaandika mwanamke. "Nyinyi mliniletea kitambulisho," alisema, "na mimi nikaandika kitambulisho." Gladwell akamjibu kwamba mficha uchi hazai, ndiyo maana amekuja kujivua. Mama yule akacheka mpaka akakohoa, halafu akatia sahihi.

Wakili wa Kitale alimwonya kwamba kuapa hivi ni kukubali aliidanganya serikali, na kwamba hilo ni kosa. Gladwell akasema kama ni jela wamfunge pamoja na dawa zake za sukari. Akaapa, akapigiwa muhuri. Karatasi aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka ndani ya Biblia.

Kanisani hakuna aliyemwita, alijipeleka. Alisema hawezi kuapa mbele ya wakili halafu awafiche watu anaoomba nao. Oktoba alisimama mbele ya wazee wa kanisa akasema Wamaitha si mtoto wake ni mjukuu wake, na kwamba amedanganya miaka kumi na saba. Wakamshukuru kwa unyenyekevu. Wiki iliyofuata wakamwambia apumzike uenyekiti. Kupumzika! Miaka tisa amewakandia unga kwenye matanga yao, ameosha wazazi wao wagonjwa, leo anapumzishwa. Wengine walimhama sokoni, wakawa wananunua maharagwe meza ya mbali. Alirudi kwangu akaketi jikoni palepale alipoketi mwaka ule, akasema si kitu, Wamaitha anaenda kwa mama yake.

Wakati huo wote Mary Ann alikuwa anaambiwa. Alikuwa anajibu sawa mum, tutaona mum. Januari kila kitu kilikuwa tayari kupelekwa kortini, kimebaki yeye atie sahihi kama mama na apimwe damu. Gladwell akampigia. Nilikuwa hapo, simu iko juu ya meza na sauti imefunguliwa kwa sababu sikio lake moja ni zito. Wamaitha alikuwa nje anafua.

Tukasikia mlango ukifungwa huko aliko Mary Ann. 

"Mum, kwa fomu yangu niliandika watoto wawili," akasema. "Nikisema sasa ni watatu, wataniuliza mbona nilidanganya. Wanaweza kutufukuza sisi wote. Na Job hajui."

"Mwambie," Gladwell akasema.

"Siwezi."

Gladwell akamwambia tena, kwa upole ambao mimi sikuwa nao, kwamba yeye amejivua nguo mbele ya wakili na kanisa na Mungu, na hajafa. Mary Ann akaanza kulia. Alisema alikuwa anafikiri kitu kitatokea, labda Wamaitha aje baadaye kama mwanafunzi, hakujua mum atafika mpaka kwa nasi. Halafu akasema neno ambalo sitalisahau, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa kweli.

"Kitambulisho kilikuwa chako, mum. Mimi nilikuwa mtoto."

Simu ikakatwa. Gladwell aliendelea kuitazama pale mezani. Mimi damu ilinipanda. Bana, nilimchukia yule msichana niliyemnywesha uji akiwa na matiti yamefungwa. Nilimchukia na nilijua anaogopa, na anaogopa kitu cha kweli, watoto wawili na mume na kazi, lakini niwaambie uongo? Nilimchukia. Nikatoa simu yangu nimtafute Job. Mimi ni senge wake. Nitamwambia leo, niliyonyamaza siku ya arusi niyaseme leo, liwe liwalo.

Wamaitha akaingia, mikono ina povu. Sijui alikuwa amesimama mlangoni tangu lini. Akaniambia, "Anti, weka simu chini."

Nikamwambia yeye ni mtoto, haya ni mambo ya watu wazima. Akatikisa kichwa.

"Hiyo fomu mimi ndio niliandika," akasema. "Iliuliza ana watoto wangapi. Sister akaniangalia, akasema wawili. Mimi nilikuwa najua. Nilijua tangu darasa la tano, wasichana waliniambia. Vidole vilikuwa juu ya kompyuta na nikangoja aseme watatu."

Hakulia. Alijifuta povu kwenye sketi akaendelea, ati alingoja mpaka mwenye saiba akauliza kama kompyuta imekwama. Ndipo akaandika wawili.

Gladwell alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Alijaribu kuinuka, mguu ukakataa, akarudi kitini. Mtoto akamwendea akamshika, akamwambia mum, wacha, mum. Mimi nikaweka simu chini. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilikaa pale nikijiuliza mzazi ni yupi kati ya hawa, na yule aliyeujua uchungu wote alikuwa ni mwana mwenyewe.

Karatasi hazikupelekwa. Februari ikaisha. Tarehe tisa Machi Wamaitha akafikisha miaka kumi na minane, na asubuhi hiyo ujumbe ukaingia kutoka Uingereza, na maua na keki za kwenye simu. Heri ya kuzaliwa, mdogo wangu, Mungu akutunze. Wamaitha alitusomea kwa sauti, akajibu asante sister, akaendelea kupepeta maharagwe.

Wiki iliyofuata alihitaji kitambulisho ili aombe chuo. Anayeanza ni naibu wa chifu, na mzazi lazima aende na mtoto na kitambulisho chake. Naibu wetu ni Mbogo, na Mbogo ni mzee wa kanisa. Alikuwa ameketi pale Oktoba, safu ya pili, alisikia kila kitu kwa masikio yake. Gladwell alijua hivyo. Alivaa nguo ya kanisani, akachukua Biblia, na ndani ya Biblia kiko kile kiapo kwenye mfuko wake wa nailoni. Nilienda nao, na njiani alisema kwamba Mbogo akiuliza, hatadanganya mara ya pili. Atatoa karatasi na iwe itakavyokuwa.

Mbogo si mtu mbaya. Alichukua cheti, akakisoma, akavua miwani. Akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima, Mama Muchiri, ulisimama mbele yetu ukasema huyu si wako. Cheti kinasema ni wako. Sasa niandike mama yake ni nani?

Gladwell akafungua Biblia. Mkono ulikuwa juu ya ule mfuko. Na akitoa ile karatasi, fomu itasimama, mtoto atangoja korti, miezi, labda mwaka, atafute sahihi ya mwanamke ambaye hatatia sahihi. Sote wanne tulijua.

"Andika Gladwell Nyaruai," Wamaitha akasema.

Mbogo akamtazama Gladwell. Gladwell akamtazama mtoto. Halafu akafunga Biblia, karatasi ikabaki ndani, akavuta fomu akatia sahihi mahali pa mama. Kalamu aliiweka mezani taratibu.

Ilitakiwa sahihi ya jirani pia, mtu anayemjua mtoto tangu azaliwe. Mbogo hakuuliza ni nani, alinisogezea fomu tu. Mwaka ule nilitoa uongo wangu jikoni kwangu ili msichana mmoja arudi shule, nikajiona nina akili. Safari hii niliutia kwa wino, mbele ya mzee wa kanisa, na mtoto mwenyewe amesimama karibu yangu akinionyesha kwa kidole mstari wa kuandika jina.